Mapambo ya Kutisha ya Halloween kwa Vitu Chakavu vya Nyumbani na Resini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Septemba inapoingia, wapenzi wa Halloween huanza kulitazama kapu la taka kwa jicho jingine, na maswali huwa yaleyale. Majibu yaliyo hapa chini yana msimamo mmoja: vitu chakavu ndivyo vifanye kazi kubwa, na resini, kimiminika kinachoganda na kuwa kigumu na kiangavu kama kioo, iingie mwishoni tu, pale panapotakiwa umajimaji, kina au mng'ao ambao gundi na rangi haviwezi kuutoa. Resini ni ghali, ina kemikali za kuchukuliwa kwa uangalifu, na ya epoksi, aina tutakayoitumia zaidi hapa, ikishaganda haiyeyuki tena wala hairejelezwi. Ukiimwaga ovyo kwa jina la kurejeleza, umeongeza taka badala ya kuzipunguza.

Kwa nini Halloween imejaa mafuvu, mizuka na taa, na hilo linanisaidiaje kuchagua pambo?

Halloween huadhimishwa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Mizizi yake inarudi nyuma hadi Samhain, sikukuu ya Wakelti iliyofunga majira ya mavuno na kufungua nusu ya mwaka yenye giza. Usiku huo iliaminika kwamba wafu huvuka kirahisi kuja kwa walio hai. Kule Ayalandi na Uskoti watu walichonga sura za kutisha kwenye tanipu, mboga ya mzizi mnene, na kutia mwanga ndani. Wahamiaji walipofika Marekani wakakuta boga ni kubwa zaidi na rahisi kuchonga, likachukua nafasi.

Kwa hiyo moyo wa mapambo haya ni mauti, giza na mwanga mdogo unaopenya. Hapo ndipo resini inapong'ara kuliko malighafi nyingine za mezani, maana inaruhusu mwanga upite huku ikiubadilisha rangi. Ukiwa na nafasi ya kutengeneza pambo moja tu, tengeneza kitu kitakachowekwa mbele ya taa.

Resini ziko za aina ngapi, na ipi inanifaa?

Utakutana na tatu. Ya kwanza ni epoksi, inayouzwa chupa mbili: resini yenyewe na kigumishi chake. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa karibu kila kazi iliyotajwa hapa, kwa sababu harufu yake ni ndogo, haisinyai sana inapoganda na inashika vizuri kwenye kioo, mbao, karatasi na bati.

Ya pili ni poliesta, ambayo hugandishwa kwa matone ya kichocheo. Harufu yake ni kali mno, haifai kutumika ndani ya nyumba ya kuishi, na inayeyusha polistirini, ile nyeupe nyepesi inayokuja kwenye maboksi ya vifaa vya umeme. Mtu aliyechonga jiwe la kaburi kwa polistirini halafu akalipaka poliesta ataliona likinywea mbele yake.

Ya tatu ni resini ya UV, inayoganda kwa dakika chache chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno, mara nyingi ya mawimbi ya nanomita 365 hadi 405. Ni nzuri kwa vitu vidogo na vyembamba: tone juu ya jicho la buibui, ute kwenye meno. Lakini ukiitia rangi nzito, mwanga haupenyi, juu panaganda na chini panabaki maji. Tumia tabaka za milimita moja au mbili tu.

Je, ni hatari?

Ikishaganda kabisa, si hatari kuishika. Kabla haijaganda ni jambo lingine. Epoksi mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara inaweza kuleta mzio, na mzio huo ukishakupata hauondoki: kila utakapoikaribia utawashwa na kutoka vipele. Wengi huupata kwa uzembe mdogomdogo, siku moja kidole, siku nyingine kiganja, mpaka mwili unakataa.

Vaa glavu za naitrili, siyo za mpira wa kawaida, na zibadilishe zikichafuka. Vaa mikono mirefu. Fanya kazi mahali hewa inapopita, madirisha yakiwa wazi pande mbili ikiwezekana. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Ukitumia resini nyingi au chumba kikiwa kidogo, unahitaji barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Resini ikikudondokea mkononi, ifute kwa karatasi kavu kisha osha kwa sabuni na maji. Usitumie asetoni wala spiriti kwenye ngozi, kwa kuwa vimiminika hivyo huipunguza makali ya mnato na kuirahisishia kupenya ndani.

Unapopiga msasa, vumbi lisiingie puani. Msasa wa maji unasaidia sana, kwa sababu vumbi linabaki kwenye maji badala ya kuelea hewani.

Vitu gani vya nyumbani nivihifadhi, na vipi nisihangaike navyo?

Weka mitungi ya kioo yenye vifuniko, vifuniko vya chupa vya plastiki, makopo, trei za mayai, viini vya karatasi ya chooni, waya za henga, mapazia mabovu ya wavu, bendeji za shashi, wanasesere waliovunjika, saa zilizokufa, funguo zisizo na kufuli, mikufu iliyokatika, na poda za kope zilizopitwa na wakati. Hizo poda ni hazina, nitazirudia kwenye swali la rangi.

Mifupa halisi ya kuku inavutia sana ikisafishwa ipasavyo. Ichemshe, toa nyama yote, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo siku kadhaa ukibadilisha maji mpaka mafuta yaishe, kisha iloweke kwenye haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mpaka ieupe. Usitumie jiki, maana inaula mfupa na kuuacha unapukutika. Ianike hadi ikauke ndani na nje.

Kukauka ndiko kipimo cha kila kitu. Resini na maji haviivi chungu kimoja: unyevu huleta ukungu mweupe, viputo na sehemu zisizoganda. Majani mabichi, maua mabichi, boga lililokatwa jana, vyote hivyo vitabadilika rangi na kuoza ndani ya resini. Jani likauke kwenye kurasa za kitabu wiki mbili au tatu kwanza.

Achana na balbu za floresenti, zile za mirija ya mwanga mweupe. Zina zebaki, na kuzivunja kwa ajili ya pambo ni hasara tupu.

Naweza kutumia vyombo vya plastiki kama kalibu?

Ndiyo, lakini si vyote. Geuza chombo utazame namba iliyo ndani ya pembetatu ya kurejeleza. Namba 2, 4 na 5 (polietilini na polipropilini) kwa kawaida haishikani na epoksi, hivyo kitu chako kitachomoka ukikikunja chombo kidogo. Namba 6 ni polistirini, na hiyo mara nyingi inang'ang'ania. Kioo nacho kinashikana moja kwa moja, kwa hiyo ukimimina kwenye mtungi jua kwamba mtungi wenyewe umekuwa sehemu ya pambo.

Ukiwa na shaka, paka mafuta ya mgando, membamba sana, kisha jaribu na matone machache kwanza. Utepe wa plastiki wa kufungia maboksi nao ni msaada mkubwa: bandika ndani ya kisanduku cha kadibodi bila mikunjo, nawe umepata kalibu ya kaburi au jeneza dogo.

Jambo moja ambalo wengi hawalitarajii: resini hunakili uso wa kalibu. Chombo chenye mikwaruzo kitakupa pambo lililofifia. Likififia, lipake tabaka jembamba la resini au rangi ya kucha isiyo na rangi, mng'ao unarudi.

Nitajuaje kiasi cha resini kinachohitajika?

Kwa kalibu, jaza mchele mkavu au mchanga mkavu, kisha umimine kwenye kikombe chenye alama za mililita. Usipime kwa maji, kwa sababu tone moja litakalosalia kwenye kona litakuharibia kazi.

Kwa kupaka juu ya kitu, zidisha urefu kwa upana kwa unene, vyote kwa sentimita. Ubao wa sentimita 30 kwa 20, ukiupaka unene wa milimita 2, unakula mililita 120.

Usichanganye vijiko viwili vya resini kwa ajili ya jicho moja. Kiasi kikiwa kidogo mno, kosa dogo la kipimo linaharibu uwiano wote. Chini ya mililita 30 mimi sichanganyi. Panga vitu vingi mezani kwanza, macho hapa, damu pale, buibui kule, ndipo ufungue chupa.

Nichanganyeje ili isinigomee?

Fuata uwiano ulioandikwa kwenye chupa, neno kwa neno. Nyingine ni 1:1, nyingine 2:1. Angalia pia kama uwiano huo ni wa ujazo au wa uzito, kwani resini ni nzito kuliko kigumishi chake na vipimo hivyo viwili havilingani. Kuongeza kigumishi ili igande haraka ni dhana potofu iliyoharibu mapambo mengi. Kigumishi cha epoksi si kichocheo. Kila sehemu yake lazima ipate sehemu ya resini ya kuungana nayo, na kinachozidi kinabaki kimelegea humo ndani milele.

Chumba kiwe na nyuzi joto 20 hadi 25. Anza kazi kwa kuziweka chupa zilizofungwa kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi, halafu zifute zikauke kabisa. Koroga taratibu dakika tatu hadi tano, ukikwangua kuta na chini ya kikombe. Mwanzoni utaona michirizi inayozunguka kwenye mchanganyiko. Endelea mpaka ipotee yote. Kisha hamishia kwenye kikombe kipya na ukoroge tena kidogo, kwa sababu kuta za kikombe cha kwanza daima hubakiza resini isiyochanganyika.

Viputo haviishi. Nifanye nini?

Vingi vinatoka kwenye kitu chenyewe, siyo kwenye resini. Kadibodi, mbao, kitambaa na mfupa vina hewa ndani, na hewa hiyo inapanda kwa saa nzima baada ya kumimina. Dawa ni kuviziba kwanza: paka gundi nyeupe ya mbao tabaka mbili, acha ikauke kabisa, ndipo umimine. Karatasi nayo ukiipuuza italoa na kuwa na madoa yanayopitisha mwanga.

Vinavyobaki juu vitoboe kwa kijiti cha meno au pitisha hewa ya moto kwa mbali, haraka, bila kusimama mahali pamoja. Moto wa kiberiti cha gesi unafanya kazi vizuri, lakini usiutumie karibu na plastiki, karatasi, nywele za mwanasesere au wino wenye spiriti.

Macho yanayotazama hutengenezwaje?

Njia rahisi ni kifuniko cha chupa. Chora mboni kwenye karatasi nene: duara jeusi katikati, kisha mistari myembamba ya penseli za rangi ikitoka katikati kwenda nje, kijani juu ya manjano, kahawia ukingoni, na duara la nje liwe jeusi na lenye ukungu kidogo. Ziba karatasi kwa gundi pande zote mbili. Ikate, ibandike juu ya kifuniko, halafu dondosha resini katikati na uisukume kwa kijiti hadi ukingoni bila kuuvuka. Mvutano wa uso wa kimiminika utaifanya isimame na kutuna yenyewe. Kwa kifuniko cha kawaida cha kipenyo cha milimita 28, mililita moja na kidogo inatosha. Ikiganda, ule mtuno unakuza picha iliyo chini, na ukitembea mbele yake jicho linaonekana kukufuata.

Njia ya pili ni ya jicho la mviringo, na inataka subira. Tafuta kijiko cha plastiki chenye tumbo la duara, kile cha kupimia sabuni ya unga, mara nyingi ni namba 5. Hapa unatengeneza kwa kinyume: sehemu ya mbele ya jicho inakuwa chini. Mimina resini angavu milimita tatu, subiri ishike mpaka ukiigusa na glavu inanata bila kuacha uzi. Laza mboni, uso ukiangalia chini. Chukua uzi mwekundu wa kudarizi, uchambue mpaka upate nyuzi nyembamba kabisa, na uzitandaze kuizunguka mboni, zikipindapinda na kugawanyika. Usizipange sawasawa, kwani mishipa ya kweli haina nidhamu. Jazia resini iliyotiwa rangi nyeupe yenye tone dogo mno la manjano, kwa kuwa weupe mtupu unaonekana wa plastiki. Siku ya pili, ukilichomoa, mishipa inaonekana ipo chini ya ngozi ya jicho, si juu yake. Rangi ya brashi haiwezi kukupa hilo.

Damu yangu inaonekana ni juisi. Kosa liko wapi?

Ni nyekundu mno na inapitisha mwanga mno. Ongeza tone la kahawia na chembe ya bluu au nyeusi, kidogo kidogo, ukijaribu kwenye karatasi nyeupe. Damu mbichi ni nyekundu iliyokolea, na ya zamani inaelekea kahawia.

Kosa la pili ni muda. Ukiimimina mara baada ya kuchanganya inateremka yote hadi chini na kuacha doa bapa. Iache itulie kwenye kisahani kipana mpaka ukiinyanyua kwa kijiti inavuta uzi kama asali. Hapo idondoshee ukingoni mwa kitu, mathalani mshumaa bandia uliotengenezwa kwa kiini cha karatasi ya chooni kilichopakwa rangi nyeupe. Michirizi itashuka polepole, itanenepa mwishoni na kusimama njiani. Iwe ya urefu tofauti. Mchirizi mmoja mrefu na mifupi miwili inatisha kuliko pindo zima lililolowa.

Nataka mitungi ya maabara yenye vitu vinavyoelea. Nijaze resini mtungi mzima?

Usijaze, nakusihi. Mtungi wenye kipenyo cha sentimita 8 na kimo cha sentimita 10 unabeba karibu nusu lita. Resini ya kawaida ikiwa nyingi hivyo mahali pamoja inajitia joto yenyewe, inaweza kutoa moshi, kuwa ya njano na hata kupasua kioo.

Badala yake, paka ndani. Mtungi huohuo ukipakwa unene wa milimita moja unahitaji kama mililita 30 tu. Changanya resini na rangi ya kahawia-manjano iliyofifia, imimine ndani, laza mtungi ubavu na uuzungushe kila baada ya dakika chache mpaka resini isite kutiririka. Kazi hii inaweza kuchukua zaidi ya saa moja, kutegemea resini yenyewe na joto la chumba, kwa hiyo weka kiti. Acha isishike sawasawa: michirizi na madoa mazito karibu na chini ndiyo yanayoufanya ufanane na mtungi uliosahaulika rafuni. Ikishaganda, ning'iniza kitu chako kikavu kutoka kwenye kifuniko kwa uzi mwembamba: kichwa cha mwanasesere kilichopakwa masizi machoni, mkono wake mmoja, mfupa, buibui wa waya. Nyuma ya kioo kilichochafuka hivyo, uzi hauonekani, na jicho la mtazamaji linajaza kimiminika ambacho hakipo.

Bandika lebo ya karatasi iliyochovywa kwenye chai nzito na kuanikwa, pembe zake zikiwa zimechomwa kidogo. Andika kwa mkono, kwa haraka, kama daktari aliyechoka angeandika.

Mizuka, popo na utando wa buibui nao wanahitaji resini?

Mizuka haihitaji. Tandika shashi au pazia bovu juu ya puto lililosimamishwa kwenye chupa, nyunyiza gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, acha ikauke, pasua puto. Matokeo ni mepesi, yanacheza na upepo, na yamekugharimu karibu bure. Ukitumia resini utapata mzuka mzito na mkavu usiotikisika.

Popo wa trei za mayai nao rangi nyeusi inawatosha. Buibui ndio wanaostahili: mwili wa trei ya mayai, miguu ya waya, kisha tabaka moja la resini nyeusi mgongoni na tumboni. Mng'ao ule wa majimaji unamfanya mtu arudishe mkono. Utando wake tengeneza kwa nyuzi za gundi ya moto zilizovutwa, na hapa na pale uweke tone dogo la resini angavu mfano wa umande.

Rangi za bei nafuu za kutia kwenye resini ni zipi?

Hapa ndipo poda za kope zilizopitwa na wakati zinapofanya kazi nzuri. Zisage ziwe unga laini. Zenye kumetameta hutoa michirizi ya ajabu, hasa zambarau na kijani. Unga wa mkaa hutoa nyeusi isiyo na mng'ao, masizi hutoa nyeusi nzito zaidi, vumbi la tofali jekundu hutoa kutu, na machicha ya kahawa yaliyotumika, yakikauka sawasawa, hutoa udongo wa kaburi. Bizari ya manjano hutoa rangi nzuri ya usaha lakini hupauka ikipigwa na jua.

Rangi zote kwa pamoja zisizidi asilimia 5 ya uzito wa mchanganyiko. Epuka rangi za chakula za maji, zinaharibu ugandaji. Rangi za akriliki nazo zina maji, tone moja moja tu linavumilika.

Naweza kufanya pambo ling'ae gizani?

Ndiyo, kwa unga wa strontiamu aluminati, ambao unang'aa kwa nguvu na kwa muda mrefu kuliko ule wa zamani wa zinki salfaidi. Resini inaufaa kwa sababu inaukinga na unyevu unaouharibu. Tatizo ni uzito wake, unazama chini. Subiri resini iwe nzito ndipo uutie, au panga kazi yako ili chini ya kalibu ndiko kuwe mbele ya pambo. Uweke kwenye mwanga mkali kabla ya usiku. Rangi ya kijani-manjano na ya bluu-kijani ndizo zenye nguvu zaidi.

Siku ya pili bado inanata. Nimeharibu?

Kama inanata sawasawa na chumba ni cha baridi, lipeleke pambo mahali penye joto na ulipe siku moja au mbili zaidi. Kama kuna madoa yenye kunata na mengine yamekauka, haikuchanganyika vizuri na kungoja hakutasaidia. Kwangua sehemu laini ukiwa na glavu, futa kwa spiriti, acha ikauke, kisha mimina tabaka jipya lililopimwa vizuri. Usiifunike kwa vumbi au rangi ukiiacha ilivyo, kwani resini mbichi inaendelea kuwa hatari kwa ngozi ya kila atakayeigusa.

Kikombe kimepata moto na kutoa moshi. Kwa nini?

Kuganda kwa resini kunazalisha joto, na ikiwa imekusanyika kwenye kikombe joto halina pa kutokea. Lenyewe linaharakisha ugandaji, ugandaji unazidisha joto. Kitoe nje mara moja ukiwa umevaa glavu, kiweke juu ya sakafu ya saruji mbali na kitu chochote kinachoweza kuungua, na usivute ule moshi. Siku nyingine, ukimaliza kuchanganya mimina kwenye kisahani bapa na ufuate unene wa juu ulioandikwa kwenye chupa.

Naweza kuweka mshumaa wa kweli ndani?

Hapana. Resini nyingi za mezani huanza kulainika kwenye nyuzi joto 50 hadi 60, na zikishika moto zinatoa moshi mweusi mbaya. Karatasi na shashi zilizo pembeni zitamalizia kazi. Tumia taa ndogo za LED za betri. Usizike kisanduku cha betri ndani ya resini. Betri zikiisha pambo lote linakufa nalo.

Watoto washiriki vipi?

Wapewe kila kitu isipokuwa resini mbichi na msasa. Kuchora mboni, kuchambua nyuzi, kupaka rangi trei za mayai, kuandika lebo, kuchagua mwanasesere wa kupoteza kichwa: hizo ndizo kazi zenye raha zaidi, na mara nyingi mikono yao inatoa sura za kutisha kuliko za mtu mzima anayetafuta unadhifu. Wewe mimina wakishalala, wao waje kufungua kalibu resini ikishakauka.

Bakuli nililolipaka resini linafaa kuwekewa pipi?

Pipi zilizofungwa kwenye karatasi zake, sawa. Chakula kilicho wazi au kinywaji, usiweke.

Naweza kuyaweka nje?

Kwa siku chache, ndiyo. Mvua haiisumbui resini, ila kadibodi iliyo chini yake ikiwa na tundu moja lisilozibwa italoa na kuvimba. Ziba hata chini, sehemu ambayo watu wengi huisahau. Jua ndilo adui wa muda mrefu, mionzi yake huifanya epoksi iwe ya njano, jambo ambalo kwa mtungi wa maabara halina neno, bali kwa barafu au mzuka wa kioo linaharibu. Vitu vyepesi vitie mawe au mchanga ndani visipeperuke.

Nianze lini?

Epoksi nyingi hutolewa kwenye kalibu baada ya saa 24, na kufikia ugumu wake kamili baada ya siku 7 hivi. Kwa hiyo tone la mwisho limiminwe tarehe 24 Oktoba. Ukirudi nyuma kutoka hapo, ukijumlisha tabaka za jicho, kukausha mifupa na majani, mwanzo wa Septemba si mapema hata kidogo.

Mabaki ya resini niyatupe wapi?

Usimwage kamwe kwenye sinki wala mtaroni. Kilichobaki kimechanganyika, kiache kigande ndipo ukitupe kama taka ngumu. Vikombe vya namba 5 havitupwi: resini ikiganda, vikunje, ganda litabanduka, navyo vitumie tena. Yale maganda membamba yaliyobanduka yavunjevunje uyaweke kwenye kikopo. Ni vipande vizuri vya kioo kilichopasuka kwa pambo lijalo, visivyokata mkono kirahisi kama kioo chenyewe.

Chupa zilizobaki zifunge vizuri na uziweke mahali pakavu, pasipo baridi kali wala jua. Resini ikipata chembechembe nyeupe, ni fuwele tu: iweke chupa iliyofungwa kwenye maji ya moto ya nyuzi 50 hadi 60 mpaka ziyeyuke, kisha iache ipoe. Kigumishi kinapozeeka huwa cha njano, na hapo kitumie kwa damu na mitungi.

Nihifadhi vipi mapambo mpaka mwakani?

Funga kila kimoja kwenye kitambaa laini au karatasi ya nta, wala si plastiki ya mapovu ya hewa, maana alama za mapovu hujichapa kwenye resini ikipata joto. Toa betri zote. Usiyaweke darini chini ya bati linalochoma mchana, kwa kuwa vipande vyembamba vinapinda kwa uzito wake vyenyewe. Kipande kilichopinda kiloweke kwenye maji ya moto dakika chache, kinyooshe juu ya sahani bapa, ukiwekee kitabu kizito mpaka kipoe.